Kichwa cha treni ya modeli kinasumbua baada ya kubadilishwa: dalili, visababishi na matengenezo

Kichwa kikishafungwa dikoda (kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopokea amri za kidhibiti na kuendesha mota na taa), taa mpya na uzito wa ziada, kisha kikaanza kushtuka au kukwama, lawama huangukia dikoda. Mara nyingi dikoda haina kosa. Kosa liko kwenye gia, kwenye magurudumu, au kwenye waya uliobanwa na bodi, yaani ganda la juu la kichwa. Kwa hiyo mpangilio wa kutafuta hitilafu ni huu: mitambo kwanza, umeme wa mota pili, mipangilio ya dikoda tatu, mapambo mwisho. Anayeanza na mipangilio huishia kuficha hitilafu ya gia kwa namba, nayo hurudi mabehewa yanapoongezwa.

Maelezo haya ni ya vichwa vya dizeli vya kipimo cha HO (1:87, reli ya upana wa milimita 16.5) vyenye mota katikati, flaiwili (gurudumu zito la kulainisha mzunguko) pande zote mbili, na propela inayofikisha mzunguko kwenye gia ya skrubu juu ya kila bogi (kigari cha magurudumu chini ya kichwa). Mfano tunaoutumia ni GP38-2 ya kampuni ya EMD, kichwa cha Marekani cha nguvu farasi 2000 kilichoanza kuundwa mwaka 1972. Modeli zake ni nyingi sokoni, na ndani zinafanana na za vichwa vingine vya ekseli nne.

Pima kwanza, badilisha baadaye

Ukiwa bado na kichwa cha DC (kinachoendeshwa kwa volti za reli moja kwa moja, bila dikoda) ambacho hakijaguswa, chukua vipimo vitatu uviandike. Bila hivyo hutajua kama badiliko limesaidia au limeharibu.

Cha kwanza ni ampea. Unganisha multimita mfululizo na reli, weka volti 12, acha kichwa kitembee peke yake. Mota ya kisasa iliyofungwa ndani ya kopo la chuma hula ampea 0.1 hadi 0.3. Mota za zamani zilizo wazi hufika 0.5 na kuendelea. Kisha bana flaiwili kwa kidole kwa sekunde moja, usome ampea ya kukwama, uachie. Ukishikilia zaidi unachoma waya za mota. Dikoda nyingi za HO hubeba ampea 1 mfululizo, na reli ya DCC (mfumo wa amri za kidijitali unaotumia dikoda) ina volti 14 hivi, siyo 12. Mota iliyosoma 0.9 ikikwama kwa volti 12 itafika 1.05 kwa volti 14. Mota hiyo haifai kwa dikoda ya ampea 1 mpaka isafishwe au ibadilishwe kabisa.

Cha pili ni mwendo. GP38-2 halisi yenye gia za kawaida hufika kilomita 105 kwa saa. Ukigawa kwa 87, modeli inapaswa kumaliza mita moja ya reli kwa sekunde 3. Modeli nyingi zikipewa volti zote hupita hapo kwa mbali, ndiyo maana zinaonekana kama vitu vya kuchezea hata zikipakwa rangi vizuri. Upande wa polepole, mwendo wa kupanga mabehewa wa kilomita 5 kwa saa ni mita moja kwa takriban dakika moja. Kichwa kinachoweza hivyo bila kushtuka kina mitambo mizuri.

Cha tatu ni mvuto. Funga uzi kwenye kiunganishi, uzi kwenye mizani ndogo ya springi, ongeza umeme mpaka magurudumu yateleze. Magurudumu ya chuma yasiyo na mpira huvuta karibu robo ya uzito wa kichwa au pungufu kidogo. Kichwa cha gramu 400 kikivuta gramu 80 hadi 100 kiko sawa.

Kinatembea kwa kushtuka

Hii ndiyo dalili inayopoteza muda wa watu wengi, kwa sababu visababishi vyake vitano vinafanana kwa macho. Tofauti iko kwenye mdundo, kwa hiyo usiangalie tu: pima umbali kati ya mshtuko mmoja na mwingine.

Mshtuko ukitokea mahali pale pale pa reli, ni uchafu au kiungo cha reli kisichopitisha umeme. Ukitokea ovyo, popote, ni magurudumu au vikwanguzi vya umeme. Futa magurudumu kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na vijiti vya pamba. Msasa usiuguse: unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu haraka kuliko mwanzo. Kisha angalia kama magurudumu yote nane yanachukua umeme, manne kila upande. Ukipata moja lililokufa, mara nyingi kikwanguzi chake cha shaba kimepinda na hakigusi.

Mshtuko ukijirudia kila milimita 37 hivi, acha reli, fungua bogi. Gurudumu la GP38-2 halisi lina kipenyo cha inchi 40. Kwa HO ni milimita 11.7, na mzingo wake ni karibu milimita 37. Maana yake kuna kitu kinachogonga mara moja kwa kila mzunguko wa ekseli, na mshukiwa mkuu ni gia ya ekseli iliyopasuka. Gia hizi za plastiki zimebanwa juu ya nusu-ekseli mbili za chuma. Plastiki ikizeeka husinyaa, chuma hakisinyai, ufa hutokea kati ya meno mawili na nafasi ya meno hayo hupanuka. Ufa ni mwembamba kama unywele, hivyo tumia lenzi na uzungushe ekseli taratibu chini ya mwanga mkali. Gundi haisaidii, kwani nguvu inayopanua ufa bado ipo. Nunua gia mpya yenye idadi ile ile ya meno na tundu la kipenyo kile kile, na ubadilishe zote nne, kwa kuwa zilizobaki zina umri mmoja na ile iliyopasuka. Ukimaliza, angalia umbali kati ya migongo ya magurudumu kwa geji ya NMRA (chama cha Marekani cha treni za modeli): kwa HO ni karibu milimita 14.4. Ufa huo huo pia huachanisha magurudumu, kwa hiyo kichwa kinachogonga na pia kuanguka kwenye swichi za njia kina ugonjwa mmoja, siyo miwili.

Kabla ya kulaani gia, kagua pia meno yake kwa ncha ya sindano. Uzi wa zulia au chembe ya mchanga kwenye jino moja hutoa mdundo ule ule wa milimita 37.

Mdundo ukiwa wa haraka zaidi, kama mtetemo unaopanda na mwendo, unatoka kwenye mota au propela. Toa propela zote mbili uiendeshe mota peke yake. Ikitetemeka bado, flaiwili haikukaa sawa kwenye shafti. Ikitulia, rudisha propela moja moja. Propela inahitaji nafasi ya kucheza ya nusu milimita hivi mbele na nyuma. Ukibadilisha mota na mpya ikawa ndefu kidogo, propela hubanwa, na kichwa hulalamika hasa kwenye kona.

Kikinguruma upande mmoja wa mwendo na kutulia upande mwingine, au kikiruka-ruka kinaposhuka mlima na mabehewa nyuma, gia ya skrubu inahama mbele na nyuma ndani ya beringi zake. Mlimani mzigo unaisukuma upande mmoja tu. Kwenye mteremko mabehewa yanasukuma kichwa, gia inagonga huku na huko. Weka washa nyembamba za milimita 0.1 au 0.2 kila upande mpaka mchezo ubaki milimita 0.2 hadi 0.3. Usiumalize wote, beringi zitabana zikipata joto.

Cha tano ndicho pekee kinachohusu dikoda: kinashtuka kwenye mwendo wa chini tu, na kwa DCC tu, wakati kwa DC kinatambaa vizuri. Dikoda hupima umeme unaorudishwa na mota ili kujua mwendo wake, na inasahihisha kupita kiasi. Anza kwa kutafuta kapasita ndogo iliyouzwa na mota kwa ajili ya kuzuia kelele za redio. Inavuruga kipimo hicho, ikate. Kisha rekebisha mipangilio ya udhibiti wa mota. Kwenye dikoda za ESU LokSound 5 kuna njia ya kujipima: andika 0 kwenye CV54 (kila CV ni nafasi ya kumbukumbu ya dikoda inayoshika mpangilio mmoja), halafu bonyeza kitufe F1 cha kidhibiti. Kichwa kitafyatuka kwa mwendo wote kwa muda mfupi, kwa hiyo kiweke kwenye njia ndefu iliyonyooka na isiyo na kizuizi mbele.

Kinakula ampea nyingi, kinapata joto

Grisi ya kiwandani ikikaa miaka huganda na kuwa kama gundi. Fungua bogi, osha gia kwa isopropili, kausha, kisha weka grisi nyembamba yenye chembe za PTFE isiyodhuru plastiki: tone la ukubwa wa kichwa cha pini kwenye gia ya skrubu linatosha bogi nzima. Beringi za mota hupewa oili nyepesi, tone moja kwa ncha ya sindano. Oili ikizidi hutambaa hadi kwenye kaboni za mota, hapo moshi na harufu vinaanza. Grisi ya baiskeli iachie baiskeli, na dawa za kupulizia za kulegeza kutu zisiingie humu kabisa, kwani nyingine huharibu plastiki na zote huacha utando.

Kwa mota za wazi, safisha mianya ya komuteta (vipande vya shaba vinavyosuguliwa na kaboni) kwa kijiti cha meno kilichochongwa. Vumbi la kaboni likijaa humo linapitisha umeme kutoka kipande hadi kipande, na ampea hupanda bila sababu inayoonekana.

Dikoda imeungua mara tu ulipowasha

Karibu kila mara mota haikutengwa na chasisi. Vichwa vya zamani, vile vya Athearn vya sanduku la buluu vikiwa mfano unaojulikana zaidi, vilitumia chasisi ya chuma kama waya wa reli ya upande mmoja, na kibanio cha chini cha kaboni kiligusa chasisi moja kwa moja. Kwa DC ni sawa. Kwa DCC umeme wa reli unaingia nyuma ya dikoda kupitia mota na kuiua papo hapo.

Toa mota, bandika tepu ya Kapton (ya kuhami umeme) chini yake, lehemu waya wa kijivu kwenye kibanio cha chini na wa machungwa kwenye cha juu. Kisha, dikoda ikiwa bado haijaunganishwa, weka multimita kwenye mlio: gusa kila ncha ya mota na magurudumu ya kulia, halafu ya kushoto, halafu chasisi. Vipimo sita, na hakuna hata kimoja kinachotakiwa kulia. Rudia bodi ikiwa imefungwa skrubu zake zote, kwa sababu skrubu ndiyo hutoboa waya.

Rangi za waya za dikoda ni za kiwango kimoja: nyekundu reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto, machungwa na kijivu mota, nyeupe taa ya mbele, njano taa ya nyuma, buluu chanya ya pamoja ya taa. Buluu ikigusa chasisi hata kwa nukta moja, umepoteza dikoda.

Kinazimika kwenye swichi za njia

Ukiwa umehakikisha magurudumu manane yote yanachukua umeme na bado kinazimika kwenye vipande vya plastiki vya swichi, weka kapasita za akiba. Watu hujaribu kapasita moja ya 1000 µF, 25 V, wakaona taa zimetulia lakini mota bado inakatika. Hesabu inaeleza kwa nini: volti zikishuka kutoka 13 hadi 7 huku mota inakula ampea 0.3, kapasita hiyo inatoa sehemu 0.02 tu ya sekunde. Kapasita kubwa sita za farad 1, volti 2.7, zikiunganishwa mfululizo hutoa farad 0.167 kwa uwezo wa volti 16.2, na muda unapanda hadi sekunde 3 hivi. Tano zinatoa volti 13.5 tu, ambayo kwa reli ya volti 15 ni kucheza na moto.

Weka rezista ya ohm 100 mfululizo upande wa chanya ili kapasita zisinywe umeme wote kwa mkupuo na mtambo wa DCC ukadhani kuna shoti. Sambamba na rezista weka dayodi 1N4001, mstari wake ukielekea waya wa buluu, ili umeme urudi bila kuzuiwa. Upande hasi unaenda kwenye nukta ya hasi ya dikoda yenyewe, ambayo iko kwenye mchoro wa mtengenezaji. Hauendi kwenye waya mweusi. Mweusi ni reli, na reli ya DCC hubadilisha chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde.

Kapasita nazo huleta dalili zao. Kichwa kikikimbia chenyewe kwa mwendo wote baada ya kukosa mawasiliano, dikoda imedhani iko kwenye DC: ondoa 4 kwenye thamani ya CV29. Kikikataa kusomwa kwenye reli ya kupangia (kipande cha reli cha kusomea na kuandikia CV), kapasita zinameza umeme wakati wa kujaza. Ziwekee swichi ndogo au plagi ya kuzitoa.

Hakikubali namba, au kinakubali na hakiitiki

Kwenye reli ya kupangia, dikoda hujibu kwa kuwasha mota kwa mpigo mfupi sana, angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6. Mota ikiwa haijaunganishwa vizuri, hakuna jibu, na mtambo unasema dikoda haipo. Angalia waya wa machungwa na wa kijivu kabla ya kununua nyingine.

Umeandika namba ndefu ya kukiita kichwa, tuseme 3802, lakini kichwa bado kinaitika kwa 3? CV17 na CV18 zimejazwa ila CV29 haijaambiwa izitumie. Ongeza 32: thamani ya 6 inakuwa 38. Ukiwa na kapasita za akiba na umeondoa DC, iwe 34. Ikishindikana kabisa, dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani ukiandika 8 kwenye CV8, na namba inakuwa 3.

Kikienda kinyume na mshale wa kidhibiti huku taa ziko sahihi, umebadilishana machungwa na kijivu. Kikienda kinyume pamoja na taa zake, ongeza 1 kwenye CV29.

Taa

Taa inawaka na kuzima kila unapoongeza hatua ya mwendo: kidhibiti kinatuma hatua 28 au 128, dikoda iko kwenye 14. Ongeza 2 kwenye CV29.

LED imeungua mara moja: haikuwa na rezista. Haiwaki kabisa lakini nzima: umegeuza miguu. Mguu mrefu unaenda buluu, mfupi unaenda nyeupe au njano. Rezista ya kilo-ohm 1 kwa reli ya volti 14 hupitisha karibu miliampea 11, na LED za sasa kwa kiasi hicho zinachoma macho. Kwa sura ya kweli tumia kilo-ohm 2.2 hadi 4.7 na LED ya mwanga wa manjano wa takriban kelvini 3000. Nyeupe ya samawati haikuwepo kwenye vichwa vya miaka ya 1970. Bodi nzima iking'aa kama taa ya chemli, paka ndani yake rangi nyeusi tabaka mbili, kisha fedha juu ya nyeusi karibu na LED.

Magurudumu yanateleza, au kinaanguka

Ongeza uzito kwa vipande vya risasi au tungsteni, lakini ukomo ni mmoja: kwa volti zote, kichwa kikizuiwa, magurudumu lazima yateleze kabla mota haijakwama. Ukivuka hapo umehamisha tatizo kwenye dikoda. Uzito ukae ili kichwa kilichoondolewa kwenye reli kisimame sawa juu ya penseli iliyowekwa katikati ya bogi mbili. Mpira wa kushika reli unaongeza mvuto ila unaua gurudumu la kuchukua umeme. Kwa kichwa cha magurudumu manane hatuupendekezi.

Kuanguka kwenye kona baada ya kufunga dikoda husababishwa na waya ngumu zinazosukuma bogi. Tumia waya laini wa silikoni wa AWG 30, acha urefu wa ziada, na zungusha bogi kwa mkono hadi mwisho kila upande: irudi yenyewe. Ngazi na mabomba uliyoongeza chini yajaribiwe kwenye kona yako kali zaidi, kwa mfano nusu kipenyo cha milimita 457. Viunganishi vya Kadee viwe na kitovu milimita 9.9 juu ya reli, na kile kipini cha chini kisiguse swichi.

Kwa anayetaka kupaka rangi za Afrika Mashariki: reli ya 16.5 ni sahihi kwa SGR ya Kenya na Tanzania, zenye upana wa milimita 1435. Reli ya mita moja ya zamani ingehitaji milimita 11.5, na ya TAZARA 12.3, kwa hiyo wote wawili hutumia reli ya milimita 12. Hakuna rangi itakayoficha tofauti hiyo ukitazama kichwa kwa mbele.

Sauti nyembamba

Spika ndogo ya milimita 11 kwa 15 bila kisanduku chake haitoi besi, kwa sababu hewa ya mbele na ya nyuma hufutana. Ziba kila mwanya kwa gundi nyeupe. Ikikwaruza, kuna waya unaogusa utando.

Rangi inabanduka, vishikio vinamenyuka, maandishi yanang'aa

Rangi inayobanduka vipande vipande imepakwa juu ya mafuta ya kiwandani. Osha bodi kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, ikauke usiku mzima, usiishike tena kwa vidole vitupu. Vishikio vya plastiki laini haviishiki rangi hata vikioshwa, na vikipinda hupasua tabaka lote. Vibadilishe kwa waya wa shaba wa milimita 0.3. Supaglu isikaribie madirisha, mvuke wake huacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe inatosha.

Stika za maji zenye mng'ao wa fedha pembezoni zimenasa hewa juu ya rangi isiyong'aa. Paka vanishi ya kung'aa kabla ya stika. Kama umechelewa, toboa stika kwa sindano mara kadhaa, weka Micro Sol (dawa ya kulainisha stika), isubiri ikauke bila kuigusa hata ikikunjamana.

Unga wa vumbi na kutu hupotea nusu yake ukipuliziwa vanishi isiyong'aa. Puliza vanishi kwanza ili upate uso wa kushika, weka unga mzito kuliko unavyoutaka, kisha puliza tena nyepesi, kutoka sentimita 30, kwa mikupuo mifupi, huku magurudumu na viunganishi vimezibwa kwa tepu.